Kijiji Kilichokosa Takataka

Mume wangu Hammu alikataa kuingia chini ya paa. Si paa la nyumba tu, paa lolote. Tangu siku walipomfukua kutoka chini ya nyumba yetu, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope na kiatu cha kushoto kimepotea, alikuwa akilala kwenye uwanja wa kupuria shayiri, juu ya magunia mawili, amejifunika blanketi lake la kahawia. Mimi nililala kwenye hema tulilopewa. Hema nalo alilikataa.

"Lina nguzo," alisema.

"Hammu, nguzo zenyewe ni bomba, nyembamba kama kidole changu."

"Nguzo ni nguzo." Akageukia upande wa pili.

Hammu alikuwa fundi. Miaka arobaini na mitatu aliwajengea watu wa bonde letu nyumba za mawe na udongo, na yetu aliijenga kwa mikono yake, nami nikimpandishia maji kwa punda. Ndiyo iliyomwangukia. Mtu akiangukiwa na nyumba iliyojengwa na mwingine, atamtafuta fundi amtukane. Yeye angemtukana nani? Akaacha kushika hata timazi ya kunyooshea ukuta. Mfuko wa zana zake ulibaki kwenye hema langu, mimi nikijikwaa nao kila asubuhi.

Tetemeko la ardhi lilikuja wakati wa kuangua jozi, kokwa za mijozi yetu. Sasa jozi zilishakauka, zimehifadhiwa, na vilele vya milima juu yetu vilikuwa vimeanza kuwa vyeupe. Kifua cha Hammu hakipendi baridi. Mwaka uliotangulia, akiwa ndani, miguu yake karibu iguse makaa, alikohoa wiki sita. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: kumwingiza ndani kabla theluji haijashuka kijijini. Na kumwingiza ndani kunataka kwanza kuwe na ndani.

Ndipo akaja Ghizlani. Alikuwa mhandisi kutoka Agadir, umri wake miaka ishirini na sita, kavaa buti za njano na miwani iliyofungwa kwa utepe upande mmoja. Alijua kujenga nyumba kwa viroba: unajaza kiroba udongo, unakishindilia, unakilaza kama tofali, unatandika seng'enge ya miiba juu yake ili kiroba kinachofuata kishike, unapanda hivyo hivyo kwa mviringo. Ardhi ikitikisika, ukuta unacheza, haupasuki. Alituonyesha picha. Chumba cha kwanza kilikuwa kiwe cha kwetu, kwa kuwa mimi na Hammu ndio tuliokuwa wazee kuliko wote. Kisha akachukua koleo, akaelekea kwenye tuta langu la shayiri.

Nilimshika mkono.

"Binti, unakwenda wapi na hilo koleo?"

"Kuchota udongo, bibi."

"Udongo gani?"

"Huu hapa."

"Huo si udongo. Hiyo ni shayiri ambayo bado haijaota."

Akadhani natania. Nikamkalisha nikamweleza. Mlima wetu ni mwamba. Udongo ulioko kwenye matuta uliletwa na waliotutangulia, kikapu kwa kikapu kutoka mtoni, mgongoni. Nusu yake tetemeko liliuteremsha kwenye korongo. Ukichota uliobaki ukautia kwenye kuta, tutakuwa na nyumba nzuri ya kufia njaa ndani yake.

Ghizlani alikaa juu ya jiwe siku nzima akichora, akifuta, akila lozi zangu. Siku ya pili akawaita watu wote.

"Basi tuuache udongo," akasema. "Chini tutaweka viroba vya kokoto za nyumba zilizoanguka. Kuanzia magotini kwenda juu, tutajaza takataka za nyumbani. Zile kavu: mifuko ya plastiki, chupa, viatu vibovu, vitambaa, makaratasi ya peremende. Zikioshwa, zikakaushwa, zikashindiliwa mpaka mtu mzima akisimama juu hazami, zinafanya kazi ya udongo. Nazo ni nyepesi. Hata ukuta ukianguka, haumuui mtu."

Hammu alikuwa kule uwanjani kwake, ametupa mgongo, lakini masikio yake hayana uzee.

"Nilijenga kwa mawe, yakaniangukia mawe," akapaza sauti. "Sasa mnanijengea kwa makaratasi ya peremende! Nikifa mtanizika kwenye pakiti ya biskuti!"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nisiwe mnafiki. Lakini niliona Ghizlani amenyanyua miwani na kumtazama yule mzee vizuri.

Tukakubaliana kwamba itakuwa kazi ya kijiji kizima, kama tunavyofanya kwenye mavuno: kila nyumba italeta viroba vitano vilivyojaa. Ghizlani akatugawia viroba vitupu vya unga na sukari. Akasema atarudi baada ya siku tatu kuangalia lundo la takataka.

Aliporudi, lundo lilikuwa na ukubwa wa kuku aliyelala.

"Nyingine ziko wapi?" akauliza.

Tukatazamana. Hakukuwa na nyingine. Maganda tunawapa mbuzi. Majivu yanakwenda kwenye vitunguu. Kopo la nyanya linapandwa mnanaa. Chupa ya plastiki inatiwa mafuta ya zeituni, ikizeeka inakatwa inakuwa ya kuchotea maji, ikipasuka inazibia tundu la kuku. Nguo ikichakaa kwa baba inashonewa mtoto, ikichakaa kwa mtoto inachanwa vipande na kufumwa zulia la matambara, na zulia likichakaa analalia punda. Punda naye bado hajalalamika. Ghizlani alikuwa amezunguka nchi nzima akiona takataka, hakuwahi kufika mahali pasipokuwa nazo.

"Hamtupi kitu?" akauliza.

"Tulimtupa mume wa Rabha," akasema bibi mmoja nyuma yangu, "lakini akarudi."

Ilibidi twende gulio la Alhamisi, kule chini barabarani, ambako watu wa lori na watu wa mjini hula wakatupa. Nilikwenda na punda wawili na wifi yangu Tlaytmas.

Huyu Tlaytmas ni dada yake Hammu, mjane, ana kondoo tisa na fahari ya kondoo mia. Tangu nilipoolewa hajawahi kunisalimia kabla sijamsalimia yeye. Nyumba yake ilisimama, ilipata ufa tu, na alikuwa akitaja huo ufa kama watu wanavyotaja mgeni mheshimiwa. Siku ile ya gulio alijifunika shela mpaka likabaki jicho moja.

"Wifi," nikamwambia, "utaanguka korongoni."

"Afadhali korongo kuliko mke wa mchinjaji anione naokota viatu."

Mke wa mchinjaji alimwona. Alimtambua kwa mwendo. "Enyi watu wa juu!" alipiga kelele. "Kumbe tetemeko liliwapiga kichwani? Njooni, njooni, nina mifuko mingine hapa, na mama mkwe wangu pia mchukueni!" Wauza chai walikuja na magunia ya chupa. Fundi viatu akatupa pea za soli zisizo na idadi. Watoto walishindana kutuletea makaratasi. Mimi nilishukuru kila mmoja, nikawaombea. Ndani ya mifuko yao tulikuta vipande vingi vya mkate. Hivyo tulivitoa, tukavibusu, tukawapa punda, maana mkate hauingii ukutani. Tlaytmas alisimama kando ameshika kamba ya punda, hakugusa hata kizibo.

Wiki iliyofuata kijiji kilinuka sabuni. Tuliosha takataka mtoni kama nguo za arusi, tukazianika juu ya miiba, na ukiangalia kwa mbali ungedhani tuna sherehe. Kila nyumba ikajaza viroba vyake kwa kushindilia na gogo, na Ghizlani akapanda juu ya kila kimoja kwa buti zake, akarukaruka, akisema "hiki sawa" au "hiki rudisha". Kiroba changu cha pili alikirudisha mara tatu. Nilimpenda kwa hilo.

Tlaytmas alileta vyake mwishoni, vitano, juu ya punda wake, vimeshonwa tayari midomo kwa uzi wa buluu, mshono mdogo mdogo, sawasawa kama wa kanzu ya bwana arusi.

"Bibi, nilisema msishone mpaka nione ndani," akasema Ghizlani.

"Unataka kunifungua mbele za watu?"

"Si wewe, bibi. Kiroba."

"Cha kwangu ni mimi. Bonyeza uone."

Ghizlani akabonyeza. Vilikuwa vimekakamaa vizuri. Akapanda juu, akaruka mara moja tu kwa heshima. Akasema sawa. Vikawekwa kwenye kozi ya saba, safu ya saba ya viroba kutoka chini, upande wa magharibi, vyote vitano ubavu kwa ubavu.

Ukuta ulipanda siku nane. Hammu aliuita mzinga wa nyuki. Aliuita kikapu cha mayai. Asubuhi moja nilipompelekea supu ya shayiri aliniuliza, bila kugeuka, kama wanaanza kila kozi mahali pale pale au wanahama. Nikamwambia sijui, mimi ni mwanamke wa kushindilia tu. Akasema, "Waambie wahame. Viungo visipangane." Nikamwambia nenda ukawaambie mwenyewe. Akanywa supu.

Ukuta ulipofika kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, Ghizlani alisema kabla ya kupigilia nondo na kuweka paa, ni lazima aujaribu. Hataweka paa juu ya ukuta ambao haujatikiswa. Jumamosi alikuwa anaondoka kwenda bonde jingine, na siku ile ilikuwa Jumatano. Mawingu yalikuwa yameketi mlimani tangu alfajiri, rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

Jaribio lilikuwa hivi: kamba nene inazungushwa juu ya ukuta, watu wanne wanavuta upande huu, wanne upande ule, kwa zamu, kwa haraka. Mimi ndiye niliyesema tuweke sinia la chai juu yake, tuone. Nilitoa glasi zangu za arusi. Zilikuwa kumi na mbili, zenye mstari wa dhahabu; sita zilinusurika. Nikazijaza chai ya mnanaa nusu nusu.

"Vuta!" akasema Ghizlani. "Huku! Kule! Huku! Kule!"

Upande wa mashariki ukuta ulicheza kama mabega ya mwanamke kwenye ngoma, ukarudi mahali pake. Upande wa magharibi ukabonyea. Pale kwenye kozi ya saba ulitoa tumbo, viroba vya juu vikainama, sinia likateleza. Glasi tatu zikaenda.

"Glasi zilizoshinda tetemeko," nikasema, "zimeuawa na binti wa Agadir."

Ghizlani hakucheka. Alivua miwani, akauzunguka ukuta mara mbili. Akasema kuna viroba vibovu ndani, hajui ni vipi wala vingapi, kwa kuwa sasa vyote vimelaliwa na vinafanana. Itabidi kubomoa kuanzia kozi ya sita kwenda juu. Siku tano. Naye alikuwa na tatu.

Niliyatazama mawingu. Nikamtazama Hammu kule uwanjani. Blanketi lake la kahawia lilikuwa na umande mweupe mabegani ambao haukuyeyuka ingawa ilikaribia adhuhuri. Niliketi pale chini kwenye vipande vya glasi zangu, na sina haya kusema kwamba nililia.

Nadhani ni kilio hicho. Au labda ni lile tumbo la ukuta. Fundi hawezi kukaa akitazama ukuta wenye tumbo. Niliona tu blanketi limetupwa na Hammu anakuja, kiatu mguu mmoja na ndara mguu wa pili, ameshika fimbo yake ya mlozi.

"Sogeeni," akasema. "Nani alipanga hii kozi, mbuzi?"

"Mimi, babu," akasema Ghizlani.

"Mbuzi angepanga vizuri zaidi. Nyamazeni."

Akaweka sikio ukutani. Akaanza kugonga kwa fimbo, kiroba kwa kiroba. To, to, to. Alinong'ona, si kwetu: "Jiwe husema. Kumbe na ninyi mnasema." To, to, to. Kisha: pu. Akarudia. Pu. Akasogea. Pu, pu, pu, pu. Kisha to.

"Vitano," akasema. "Hapa mpaka hapa. Vilivyobaki ni vizima. Hakuna kubomoa. Nyumba za mawe nimetoa mawe mabovu tumboni mwa ukuta na kuingiza mazima bila kushusha paa. Nileteeni nguzo za kuegemeza, kabari, na mfuko wangu wa zana. Ijja, uko wapi huo mfuko?"

"Pale ninapojikwaa kila siku," nikasema, nikakimbia. Miaka yangu sabini na moja, nilikimbia.

Akaegemeza viroba vya juu kwa nguzo na kabari, akakata seng'enge, akavuta kiroba cha kwanza taratibu kama mtu anayetoa mkate kwenye tanuri. Kikatua chini. Hammu akainama. Akaushika ule mshono wa buluu kwa vidole.

"Uzi huu naujua," akasema. "Ulinishonea kanzu nilipooa."

Hakuna aliyemtazama Tlaytmas, maana yake sote tulimtazama. Hammu akakata uzi. Ikatoka sufu. Sufu nyeupe, safi, imechambuliwa na kuchanwa, ya kondoo tisa wa mwaka mzima, ikafura na kumwagika juu ya buti za njano mpaka zikafichika.

"Bibi!" akasema Ghizlani. "Niliomba takataka!"

Tlaytmas aliteremsha shela usoni.

"Na mimi nilikataa," akasema. "Huyu ni ndugu yangu. Tulimfukua kwa kucha zetu. Sasa alale amezungukwa na soli za watu wa gulio? Na yule mke wa mchinjaji aseme tumemzungushia uchafu wake? Nilimwekea kitu safi. Kila mtu alimwekea takataka. Mimi nilimwekea sufu."

Hammu alikuwa amepiga goti moja, mkono umezama ndani ya sufu mpaka kwenye kiwiko. Mabega yalianza kumtikisika na mimi nikadhani ni kifua. Alikuwa anacheka. Hakuwa amecheka tangu wakati wa jozi. Alicheka mpaka akakaa chini, sufu ikamnata kwenye ndevu.

"Tlaytmas," akasema, "umeninyima sufu ya blanketi miaka sita. Sita! Kumbe ulitaka niangukiwe na nyumba kwanza?"

"Nyamaza wewe, mwenye kiatu kimoja," akasema dada yake, na wote wawili wakafuta macho.

Vikatakiwa viroba vitano vya kujaza upya, na hatukuwa na takataka hata ya dawa. Basi kila mtu akarudi kwake na kutafuta. Mimi nilitoa magunia mawili ya kulalia ya Hammu, kabla hajakataa, pamoja na vipande vya glasi zangu tatu zilizovunjika, nilivyovifunga ndani ya kitambaa kinene. Wengine walileta mazulia ya punda. Mke wa mchinjaji, ambaye habari ilimfikia kabla hatujamaliza kucheka, alituma mifuko mitatu. Tlaytmas aliipokea mwenyewe, akaiosha mwenyewe, akashindilia kwa gogo kana kwamba yule mama yumo ndani.

Kiroba cha tano kilipokaribia kujaa, Hammu alivua kiatu chake kimoja cha kulia, kile alichokivaa siku zote hizo akingoja mwenzake apatikane kwenye kifusi. Akakigeuza, akakikung'uta, akakitia ndani. Akavaa ndara ya pili.

"Shindilia," akaniambia.

Na sufu? Ghizlani alikuwa anaikusanya amrudishie mwenyewe. Hammu akamzuia. "Sufu haina kazi ukutani, haibebi. Ipeleke juu, juu ya matete ya dari, chini ya turubai. Haina uzito, na baridi haipiti." Ghizlani aliandika hilo kwenye daftari lake. Nilimwona.

Alhamisi tulivuta tena kamba. Huku, kule, huku, kule. Ukuta wote ukacheza kwa pamoja ukarudi. Glasi tatu zilizobaki zilimwaga kijiko kimoja hivi cha chai, na Hammu akasema hicho ni kwa sababu Ijja hujaza sana. Nondo zikapigiliwa, wavu wa waya ukavishwa ndani na nje, nguzo nyembamba na matete vikapanda, sufu ikatandazwa, na Ijumaa baada ya sala kijiji kizima kilipiga lipu ya chokaa, mikono mitupu, watoto upande wa chini na warefu upande wa juu. Hammu ndiye aliyeamuru. Alituita majina yote ya wanyama anaowajua.

Jumamosi asubuhi Ghizlani alifunga mizigo. Mimi nilikuwa nimewasha jiko la makaa mle ndani ili lipu ikauke, nimetandika mkeka na godoro. Hammu alifika mlangoni. Akasimama. Akashika kizingiti kwa mikono miwili kama mtu aliye ukingoni mwa kisima. Sikumwambia karibu. Nilichemsha maji.

"Lile tete la tatu limepinda," akasema kutoka mlangoni.

"Sioni."

"Huwezi kuliona ukiwa umekaa. Dari hukaguliwa kwa kulala."

"Basi mimi sijui kukagua," nikasema, nikaendelea na maji yangu.

Akaingia. Aliingia kwa hatua ndogo, mkono mmoja ukutani, akigonga kila kiroba kwa kifundo cha kidole juu ya lipu. To, to, to. Alipofika pale kwenye kozi ya saba aligonga mara mbili. Kisha akajilaza chali kwenye godoro, macho juu, uso wa kazi.

"Paa likianguka," akasema, "kitakachoniangukia ni blanketi."

"La sufu ya Tlaytmas."

"Alaa! Hatimaye."

Nilipogeuka na chai alikuwa amefumba macho. Nje, Ghizlani alikuwa ananiita nimuage, na Tlaytmas alikuwa amesimama naye, mtandio umejaa vitone vyeupe. Nilitazama juu. Theluji ilikuwa imeanza, laini, bila upepo.

"Amani kwako, Ijja," akasema Tlaytmas. Alinisalimia yeye kwanza, nami karibu nidondoshe glasi. "Yuko wapi? Hayuko uwanjani."

"Yuko ndani, wifi."

"Amelala?"

Sote watatu tukasikiliza. Kutoka mle ndani ilitoka sauti kama ya msumeno unaopita kwenye ubao wa mjozi.

"Anakagua dari," nikasema.

"Ah," akasema Tlaytmas, akajikung'uta theluji begani. "Mwambie asiharakishe."